Injini ya Silinda Sita

Jioni za masika, kabla ya kunawa kwa chakula, Baba alitoka nje na chemli, akafungua boneti, akaachia klipu mbili na kurudi ndani ameshika kitu cheusi chenye mikia saba. Kilikuwa kifuniko cha distributa pamoja na nyaya zake: sita za kwenda kwenye plagi na moja ya kutoka kwenye koili. Alikiviringisha katika kipande cha kanga kuukuu, akakipandisha kwenye kichanja cha juu ya mafiga, kando ya mahindi ya mbegu. Mama hakupenda. Alisema kitu chenye harufu ya mafuta hakilali na mbegu. Lakini kisipolala jikoni, asubuhi gari haliwaki, na Mama alilijua hilo kama sisi sote.

Nyumbani kwetu ni Katumba, kaskazini kidogo mwa mji wa Tukuyu. Wilaya yetu ya Rungwe ni nchi ya maji. Kwa mwaka hunyesha zaidi ya milimita 2,000, na kuanzia Machi hadi Mei ukungu hushuka kutoka Mlima Rungwe, wenye karibu mita 2,960, ukafunika mashamba ya chai, ukapenya chini ya milango na kulowesha njiti za kiberiti ndani ya boksi lake. Gari la petroli halina ujanja mbele ya unyevu wa namna hiyo. Tuliliegesha kileleni mwa mteremko wa nyumbani, jiwe mbele ya kila gurudumu, ili betri ikigoma tuondoe mawe na kulisukuma. Lilipaswa kuwaka kabla ya kufika kwenye migomba ya jirani. Lisipowaka, watoto wote wa ukoo tuliitwa kulipandisha tena.

Lilikuwa Land Rover 109 la mwaka 1972, lile refu, rangi ya kijani iliyochujuka. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alilinunua mnadani mwaka 1981, yeye na kaka yake, kwa fedha ya kahawa na chai, nami nilikuwa na miaka 9. Bei ilikuwa ndogo kuliko walivyotazamia, na ilipita karibu mwaka mzima kabla hatujaelewa kwa nini.

Land Rover nyingi zilizopita barabara zetu zilikuwa na injini ya silinda 4, na fundi yeyote wa Tukuyu aliweza kuifungua chini ya mti akairudishia kabla jua halijazama. Ya kwetu ilikuwa na silinda 6 na sentimita za ujazo 2,625, ile ambayo kiwanda kilianza kuiweka katika 109 mwaka 1967. Ilipokuwa nzima ilivuta kwa upole ambao hukuutegemea kwa gari la kazi. Ukilala nyuma juu ya magunia uliisikia ikivuma tu, bila kutikisika, na mpaka leo sijasikia injini nyingine iliyoniletea usingizi vile. Ila ilikunywa lita moja kwa kila kilomita 5, katika miaka ambayo petroli yenyewe ilikuwa ya kupanga foleni, na ndani ilikuwa imejengwa kwa namna ambayo mafundi wetu hawakuwa wameiona.

Tulijua hivyo Jumapili moja ya mwaka 1982, tukitoka Kyela na magunia 6 ya mchele. Kyela iko kwenye uwanda wa Ziwa Nyasa, chini ya mita 600 kutoka usawa wa bahari. Kurudi Tukuyu ni kupanda karibu mita 1,000, kona baada ya kona, mzigo ukiwa mgongoni. Siku hizo, kwa sababu ya uhaba wa mafuta, magari binafsi hayakuruhusiwa barabarani Jumapili baada ya saa nane mchana, kwa hiyo Baba aliikimbiza injini mlimani kuliko kawaida yake. Tulisimama kwenye kila kijito kuongeza maji kwenye rejeta. Mahali fulani kabla ya kijiji cha Ushirika ikaanza kukohoa kupitia bomba la moshi, kikohozi kimoja kilichojirudia, na nguvu ikapungua. Baba alishuka akachomoa waya wa plagi mmoja mmoja. Kila alipochomoa, mlio ulizorota. Alipofika wa tano, mlio haukubadilika. Silinda ya tano ilikuwa imekufa.

Tulilala kwenye nyumba ya watu tusiowajua, wakatupa ndizi na maziwa ya mgando, na kesho yake gari likapanda kwa silinda 5 zilizobaki.

Fundi wa kwanza alifungua kichwa cha injini akahesabu valvu. Akahesabu tena. Alitegemea 12 akakuta 6. Nyingine 6, zile za kutolea moshi, aliziona zimezama kwenye bloku, ubavuni mwa silinda. Kichwa chenyewe kilikuwa kimelala mshazari, na pistoni zilikuwa na kilele kama paa la nyumba. Alirudishia kila kitu, akakataa hata fedha ya kazi ya siku ile. "Mwalimu, hii siijui. Ng'oa, weka ya silinda nne." Wa pili na wa tatu walisema hivyohivyo. Ushauri haukuwa mbaya, lakini mwaka ule nchi haikuwa na fedha za kigeni, na injini ya silinda 4 ungeitoa wapi?

Ndipo Baba akaelekezwa kwa mzee mmoja mwenye gereji isiyo na kibao, nyuma ya soko la Tukuyu. Alikuwa miongoni mwa vijana wa Rungwe waliokwenda kusini kutafuta kazi miaka ya 1950. Wengi walichukuliwa na Wenela, wakala wa kuandikisha vibarua, hadi migodi ya Afrika Kusini. Yeye alijiendea mwenyewe hadi Kitwe, kwenye Copperbelt, ukanda wa migodi ya shaba wa Zambia ya leo, na badala ya kushuka chini ya ardhi akapata kazi ya kuosha magari ya wakubwa wa mgodi, kisha ya kuyatengeneza. Sisi tulimwita Fundi, jina jingine hatukuhitaji.

Alifungua boneti akanyamaza muda mrefu. Kisha akaweka kiganja juu ya kifuniko cha injini na kusema kwa sauti ya chini, "Ugonile," kama mtu anayemwamkia ndugu aliyepotea.

"Mwalimu," akasema, "hii si ya Land Rover. Hii ni ya Rover, gari la mabosi."

Na ndivyo ilivyokuwa. Muundo ule ulianzia kwenye magari madogo ya Rover ya mwishoni mwa miaka ya 1940, ukaendelea katika Rover 90 na 100 ambazo Fundi alizifungua Kitwe, hadi siku moja ukapandikizwa kwenye gari la shamba. Alituambia bila kufungua kitu kwamba valvu ya kutoa moshi ya silinda ya tano imeungua, kwa sababu ndizo zinazoungua. Valvu hupoa pale inapokaa kwenye kiti chake. Nafasi yake ikibana kidogo tu, haikai vizuri, moto unapenya pembeni, chuma kinaliwa.

Spea haikuwepo Tukuyu wala Mbeya. Mjomba akavuka Mto Songwe kwenda Karonga, Malawi, ambako Wangonde wanaongea nasi Wanyakyusa bila mkalimani na ambako Land Rover zilikuwa nyingi. Alirudi baada ya siku 9 na valvu 4 nzuri, mpya, za injini ya silinda 4. Naukumbuka uso wake alipoelezwa. Zile valvu Mama alizihifadhi kwenye sanduku la nguo kwa miaka mingi, kwa sababu ya safari ile.

Fundi hakukata tamaa. Alitafuta kwenye vyuma chakavu valvu ya kutoa moshi ya lori, maana chuma cha kawaida hakivumilii joto lile. Akachora vipimo kwa penseli nyuma ya daftari langu la hesabu, akatuma vyote kwa mkereza wa Mbeya aikereze mpaka ifanane na ile iliyoungua. Gasketi ya zamani, ya shaba, aliipasha motoni hadi ikawa nyekundu, akaizamisha majini ili ilainike itumike tena. Kisha akakaa jioni mbili akisaga valvu, kijiti katikati ya viganja, akipekecha kama wazee walivyopekecha moto, anainua, anafuta, anatazama kama mduara wa kijivu umekamilika, anashusha, anapekecha tena. Ningeweza kumtazama usiku kucha. Sijaona tena mtu akifanya kazi kwa subira ya namna ile.

Ikabaki kupima nafasi za valvu. Za juu ni rahisi. Za kutoa moshi zinafikiwa kupitia kifuniko cha ubavuni, kwenye upenyo mwembamba, na injini lazima iwe ya moto. Mkono wa Fundi ulikuwa mnene, na vidole viwili vya kulia vilikuwa havinyooki tangu Kitwe. Akatazama wangu.

"Binti ana miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja," Baba akajibu.

"Naomba mkono wake."

Nilifunikwa mkono kwa kitambaa, nikapewa bati jembamba la kupimia, nikaambiwa nisihangaike kutazama kwa sababu hakuna kitakachoonekana. Nafasi yenyewe ni robo ya milimita. "Livute," Fundi alisema, "kama unavyochomoa karatasi katikati ya kurasa za Biblia iliyofungwa. Likija bure, imelegea. Likikataa, imebana. Likija kwa kusitasita, acha hapohapo." Nilifanya zote 6. Kovu la kuungua liko bado juu ya kifundo cha mkono wa kulia. Injini ilipowaka na kutulia, mzee alinishika bega: "Ndaga fijo, mwanangu." Nilikuwa sijawahi kushukuriwa na mtu mzima kwa kazi ambayo yeye hakuiweza.

Tangu hapo, kila likizo niliitwa. Na tangu hapo maisha ya gari yakafungamana na ya mzee yule. Baba hakupanga safari ya mbali bila kujua kwanza kama Fundi ni mzima. Mkungu wa kwanza wa ndizi ulikwenda kwake. Alipofiwa na mkewe tulilala msibani usiku tatu, na Mama ndiye aliyesimamia jiko. Watu walisema Mwalimu ana gari. Mimi niliona ana fundi, na gari limekuja pamoja naye.

Juni 1984, katika bajeti ya Waziri Cleopa Msuya, watu waliruhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni. Baada ya hapo pikapu za Kijapani zikaanza kuonekana Tukuyu, na injini za Isuzu zilizotumika. Baba mkubwa alikuja na pendekezo: watoe ile, waweke ya dizeli, mambo yaishe. Hesabu yake ilikuwa sahihi kila mstari. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na mzee nitamwambia nini?" Hawakulizungumza tena.

Desemba 1989, nikiwa kidato cha tatu Mbeya, Fundi alikuwa haoni vizuri. Alikaa kwenye kigoda, mimi nikafungua, nikapima, nikafunga. Tukawasha. Akainamisha kichwa.

"Ya tatu inalia."

Mimi sikusikia kitu. Nilifungua tena ubavu, nikapitisha bati: ya tatu ilikuwa imelegea kama unene wa unywele.

Alifariki mwanzoni mwa masika ya 1991. Gari lilikwenda mazishini, likaendelea kama miezi minane, kisha valvu nyingine ikaungua. Mkono wangu ulijua kupima, haukujua kusaga, na mkereza wa Mbeya alikuwa amefunga karakana. Tulilivuta kwa kamba hadi chini ya mparachichi.

Nilirudi nyumbani Aprili 1992. Magurudumu yalikuwa yamezama ardhini, na kuku alikuwa akitamia chini ya usukani. Baba alikuwa mjini. Kiza kilipoanza kuingia, matone ya kwanza yakapiga bati, na Mama akaacha mwiko ndani ya chungu, akachukua chemli, akatoka. Nilisikia boneti ikifunguka. Alirudi kichwa kimelowa, ameshika kile kitu cheusi chenye mikia saba. Alikifuta maji taratibu kwa upindo wa kanga yake, mkia mmoja mmoja, akakipandisha kwenye kichanja, kando ya mahindi ya mbegu.