Waswahili Niliowapoteza Zanzibar

Nilikosea. Niliandika makala kuhusu wakazi wa Zanzibar wakati wa ukoloni, nikadai kwamba kati ya 1924 na 1931 Waswahili walikaribia kutoweka visiwani. Makala ikachapishwa. Hakuna aliyenipotosha. Takwimu nilikuwa nazo mbele yangu, na aliyezisoma vibaya ni mimi.

Sensa ya 1924 iliandika Waswahili zaidi ya 30,000. Ile ya 1931 iliandika kama 2,000 tu. Mtu akikutana na anguko la namna hiyo, akili yake hukimbilia maradhi, njaa, au vijana kuvuka kwenda bara kutafuta kazi, nami nikakimbilia huko huko. Kwa Waarabu niliona kinyume chake: kutoka 18,884 hadi 33,401. Nikaeleza kwamba hao wote waliletwa na majahazi kutoka Omani na Hadhramaut. Wahamiaji walikuwapo kweli, lakini sikujiuliza kama ongezeko lote hilo lingeweza kuwa la wageni ndani ya miaka saba. Nilichora mistari miwili, mmoja unashuka na mwingine unapanda, na hoja yangu yote nikaiegemeza hapo.

Kosa nililigundua nilipokuwa naandaa jedwali la kazi nyingine. Safari hii ilinibidi niyaweke makundi yote pamoja, si yale mawili niliyoyapenda. Waswahili wamepungua kwa makumi ya maelfu. Washirazi wameongezeka kwa maelfu. Wahadimu wameongezeka kwa maelfu. Watumbatu vilevile. Nikashuka hadi mstari wa mwisho, jumla ya watu wote: imepanda, imefika 235,428. Hapo nikasimama. Kama watu wale walikufa au walihama, jumla ingepandaje? Wengi wao hawakwenda popote. Walikuwa katika vijiji na mitaa yao ile ile, ila karani wa sensa alipopita mara ya pili, walijitaja kwa jina jingine.

Sababu zake zilikuwa za kutafutwa katika historia kabla ya hesabu. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Zanzibar mwaka 1897. Wengi waliotoka utumwani, pamoja na watoto wao, walijiita Waswahili. Baadaye jina hilo likaanza kumtia mtu katika dhana ya asili ya utumwa, naye akachagua jina litakalompa heshima mbele ya majirani na mbele ya serikali iliyowapanga watu kwa asili zao. Mimi niliyachukua majibu yao kana kwamba ni vipimo vya damu.

Gharama ilikuwapo. Nilimwandikia mhariri, masahihisho yakachapishwa. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameshautumia mchoro wangu katika tasnifu yake, ikambidi aandike upya sura nzima kwa kosa lisilo lake. Nakala za makala ile zimebaki maktaba, na siwezi kuzirudisha. Zaidi ya hayo, nilikuwa nimewaambia watu wa Unguja na Pemba kwamba wazee wao walikwisha, ilhali wazee hao walikuwa hai, wanalima na kulea.

Usidhani mtego huu ni wa Zanzibar peke yake. Sensa ya Kenya ya 1969 iliwaandika Wanandi, Wakipsigis na Watugen kila kundi kivyake. Ile ya 1979 ikawajumlisha kuwa Wakalenjin. Asiyelijua hilo atadhani kabila kubwa limezuka katika miaka kumi. Nayo Tanzania iliacha kuuliza kabila baada ya sensa ya 1967, kwa hiyo atakayetafuta idadi za makabila atarudi kwenye majedwali ya zamani, kama nilivyorudi mimi.

Basi ukishika sensa ya zamani, anza na jumla. Kisha tafuta swali liliulizwaje, nani alijibu, na jibu lake lingemletea faida au hasara gani. Ukiona kundi limepungua ghafla, tazama kwanza makundi yaliyokua kando yake, ndipo uanze kuhesabu waliokufa na waliohama.