Stesheni ya Mbuyuni, Manchester

Ubishi wa kwanza mkubwa ulikuwa wa mbuyu. Mti wa mita 20 ukiugawa kwa 87 unabaki sentimita 23, na shina lake halienei kiganjani. Nilipousimamisha kando ya njia, wenzangu walikaa kimya kwa ile adabu ya Kiingereza, kisha mmoja akaniuliza taratibu kama nina hakika na hesabu yangu. Injini waliyokuwa wakiitengeneza ilipimwa kwa sehemu za milimita. Mti huu waliuona wa utani. Ikabidi nilete picha ya nyumbani, watu sita wamejipanga mbele ya mbuyu na shina bado linachomoza pande zote mbili. Mbuyu ukabaki. Lakini kila tulipoionyesha reli yetu ya mfano hadharani, hakukosekana mgeni wa kuinama, kuutazama, na kusikitikia kazi nzuri iliyoharibiwa na mti mmoja mbaya.

Nilifika Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1970, nikaajiriwa katika dobi la hospitali moja mjini Manchester. Baba yangu alikuwa gadi wa treni, nami nilizaliwa katika kota za reli Voi, pale njia ya Taveta na Moshi inapoachana na ile ya Nairobi. Kwetu treni ndogo ni mambo ya watoto. Tulizitengeneza wenyewe kwa makopo ya maziwa na waya, na tulipoanza kuota ndevu tukaziacha. Sikutegemea kuzirudia nikiwa na watoto wangu mwenyewe.

Aliyenivuta ni fundi umeme wa hospitali. Aliposikia natoka Voi, aliweka chini kikombe chake cha chai akaniuliza, "Uliziona 59?" Nikadhani anaulizia basi. Alikuwa anaulizia injini. Nikamjibu kwamba kwa miaka mingi moja yao ilikuwa ikiniamsha usiku. Alhamisi iliyofuata nilikuwa kwenye chama chake cha treni ndogo, katika ukumbi wa kanisa, katikati ya wanaume wa makamo waliovaa miwani juu ya miwani, kila mmoja na pasi yake ya kulehemu.

Nieleze kidogo kuhusu 59, kwa sababu bila hizo hakungekuwa na kisa. Zilikuwa injini za aina ya Garratt, kwa jina la Herbert Garratt, Mwingereza aliyepata hataza yake mwaka wa 1907. Bwela linakaa katikati, limening'inia baina ya seti mbili za magurudumu, moja mbele na moja nyuma, kila seti ikiwa na silinda zake. Kwa hiyo injini moja ina nguvu za mbili, na bado inajipinda kwenye kona. Reli za Afrika Mashariki ziliagiza 34 kutoka kampuni ya Beyer, Peacock, na zikatoka kiwandani mwaka wa 1955 na 1956. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 250 hivi, zimepakwa rangi ya damu ya mzee na kupewa majina ya milima yetu. Hakuna injini ya mvuke kubwa kuliko hizo iliyowahi kupita kwenye reli ya upana wa mita moja, popote duniani. Kiwanda chenyewe kilikuwa Gorton, hapo hapo Manchester. Nilikuwa nimevuka bahari nikaenda kuishi mahali zilikozaliwa, na sikujua.

Chama kilikuwa kimeamua kutengeneza kituo kimoja cha kubuni kwenye njia ya Mombasa hadi Nairobi, kama kilivyokuwa miaka ya 1960. Jina walikuwa hawana. Nikasema Mbuyuni. Ipo Mbuyuni ya kweli upande wa Taveta, lakini Mbuyuni ni nyingi kiasi kwamba moja zaidi haidhuru.

Upana wa reli ulitugharimu mikutano mingi kuliko kitu kingine chochote. Waingereza wengi hutengeneza kwa uwiano wa 1:76 juu ya reli ya milimita 16.5, ambayo kwa hesabu ni nyembamba kuliko reli yao ya kweli, na jambo hilo wamelibishania tangu kabla sijazaliwa. Sisi tulichagua 1:87 na reli ya milimita 12. Zidisha, utapata milimita 1,044, karibu kabisa na mita yetu. Na faida kubwa ilitoka Uswisi. Treni za milimani kule Graubünden nazo hupita kwenye njia ya mita moja, na kampuni ya Bemo ya Ujerumani ilikuwa ikizitengeneza kwa udogo huo huo. Hivyo mabehewa yetu ya daraja la tatu yalisimama juu ya magurudumu yaliyokusudiwa theluji. Sijawahi kuona ujirani wa ajabu kuliko huo kati ya Voi na milima ya Alps.

Injini ilitengenezwa kwa bati la shaba, kipande kwa kipande, na mzee mmoja ambaye sitamtaja jina. Aliingia Gorton akiwa kijana wa kujifunza kazi, zile 59 zikiwa ndiyo kwanza zinaundwa. Alijua idadi ya ribiti katika kila bamba. Mfano wake ulikuwa na urefu wa sentimita 36 na ushee, na ulikuwa na mota mbili, moja kwa kila seti ya magurudumu. Hapo ndipo penye kazi: mota mbili hazilingani mwendo hata zikitoka boksi moja, na ya mbele ikizidi, ya nyuma inaburuzwa kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Alizibadilisha, akazipima, akazibadilisha tena. Kisha ikaonekana kwamba kwenye kona tumbo la injini linaingia ndani na kukwangua ukingo wa plat'fomu. Ikabidi plat'fomu nzima isogezwe.

Mzee huyu hakuwahi kuiona hata moja ikifanya kazi. Alizijenga, zikafungwa, zikapelekwa melini, basi. Usiku mmoja, tukisafisha meza, aliniuliza zilikuwa zikisikikaje. Nikamwambia kwamba kutoka kitandani ulidhani ni treni mbili. Mipumuo inakuja pamoja, pamoja, kisha mmoja unaanza kuchelewa, inachanganyika mpaka hujui ni ipi ni ipi, halafu polepole inakutana tena. Akatikisa kichwa kwa furaha. Alijua sababu: zile seti mbili hazikuunganishwa, kila moja inazunguka kwa hiari yake. Lakini sababu ni kitu kimoja, na kusikia ni kingine.

Hivyo ndivyo tulivyogawana kazi. Wao walikuwa na michoro ya injini, mimi nilikuwa na plat'fomu. Nami nikagundua kwamba plat'fomu yangu ina mashimo. Fundi umeme aliniuliza choo kilikuwa umbali gani kutoka ofisi ya stesheni masta, na mlango wake ulitazama wapi. Nilikiingia choo kama hicho utoto wangu wote, lakini jibu sikuwa nalo. Mabati ya paa yalilazwa kuelekea wapi? Tangi la maji lilikuwa na miguu minne au sita? Nikawa namwandikia mjomba wangu, aliyekuwa bado akiishi karibu na reli. Barua yake ya kwanza ilijibu kila kitu kwa vipimo vya hatua, na mwisho akaongeza: "Mpwa wangu, mbona maswali ni ya choo tu? Unajenga, au umeshitakiwa?"

Mabati tuliyafinya kwa karatasi ya alumini ya sahani za keki, tukiikandamiza juu ya bamba lenye mifereji. Mkonge, kwa kuwa Voi bila mkonge si Voi, ulikuwa karatasi iliyokatwa kwa wembe, jani baada ya jani. Udongo ulitusumbua. Rangi za dukani zilikuwa za mashamba ya Kiingereza, kahawia iliyolowa. Mwisho tuliokota matofali mekundu ya nyumba iliyobomolewa, tukayatwanga na kuyachekecha kwenye soksi ya nailoni. Unga wake tukaupitishia sumaku, maana chembe ya chuma ikiingia kwenye mota haitoki. Gundi nyeupe ya seremala iliyochanganywa na maji na tone la sabuni huugeuza unga wowote kuwa mweusi kuliko ulivyokuwa mkavu, kwa hiyo tulichagua tofali lililopauka. Likikauka, linakuwa Tsavo.

Mbingu niliipinga. Walikuwa wameipaka buluu safi yenye mawingu ya pamba. Mchana wa Voi wakati wa kiangazi mbingu ni nyeupe karibu na ardhi, kwa vumbi. Na taa zetu zilikuwa zimefungwa mbele, kwa hiyo vivuli vilianguka nyuma ya kila kitu kama jioni ya Ulaya. Tukazihamishia juu kabisa. Kivuli cha mtu kikarudi chini ya miguu yake, mahali pake saa sita ya mchana, na ghafla hata wale ambao hawajawahi kufika wakasema panaonekana joto.

Simba nilikataa. Kila mgeni aliuliza simba wako wapi, kwa sababu ya wale wawili waliowala wajenzi wa daraja la Tsavo mwaka wa 1898, na wenzangu walikuwa wameshanunua wawili wa plastiki. Nikasema wale wa kweli wako Chicago, kwenye jumba la Field Museum, anayewataka akawaone huko. Mimi nilikulia kando ya reli hiyo na mnyama aliyetusumbua ni nyani wa kuiba ugali. Tukakubaliana juu ya ndovu mmoja, mbali, mwekundu kwa vumbi.

Watu ndio walikuwa kazi yangu ya moyoni. Vijitu vya kununua, vya Preiser kutoka Ujerumani, vilikuwa na urefu wa sentimita mbili hivi, na vyote vimevaa makoti na kofia na kushika masanduku kana kwamba vinasubiri treni ya Stuttgart. Nilivinyoa makoti kwa kisu. Kanga nilizifanya kwa karatasi laini iliyoloweshwa gundi, nikachora pindo kwa brashi ya nywele tatu. Maneno ya kanga sikuyaweza. Niliwavua viatu, nikawatwika mizigo. Na sikuwakalisha kwenye mabenchi. Benchi ni la stesheni masta na wageni wake. Abiria hukaa juu ya mzigo wake, kwenye kivuli, na kivuli kikisogea naye anasogea. Kwa hiyo plat'fomu yetu ilikuwa tupu upande mmoja na imejaa upande wa mbuyu, na jaji mmoja wa maonyesho alituandikia kwamba tumepanga watu vibaya.

Hadi 1980 injini za 59 zote zilikuwa zimeondolewa kazini. Mbili, Mount Gelai na Mount Shengena, zimehifadhiwa katika makumbusho ya reli Nairobi. Yetu iliandikwa Mount Shengena, namba 5930, kwa heshima ya ndugu zetu Wapare.

Miaka ikapita, ukumbi ukabadilika, wengine wakahama. Halafu ukaja umeme wa kidijitali. Zamani ulipoongeza volti, kila treni iliyo kwenye njia ilitembea. Sasa kila injini ina chipu yake, inajibu ikiitwa namba yake, na inaweza kutoa sauti. Kijana mmoja mpya aliweka chipu mbili ndani ya 5930, moja kila upande, akazitofautisha mwendo kidogo sana. Tukaizungusha. Mipumuo ikaja pamoja, ikaachana, ikachanganyika. Nilisimama nikishika ukingo wa ubao.

Mzee wa Gorton aliinamisha sikio, akasikiliza mzunguko mzima bila kusema.

"Inakwenda wapi?" akaniuliza.

"Nairobi."

"Basi haitoshi. Kutoka baharini mpaka huko ni kupanda tu. Iongeze kazi."

Kijana akaongeza.