Visoda Mia na Metali Isiyodumu

Mwalimu wa sayansi hulazimika mara kwa mara kufundisha jambo asiloweza kulionyesha. Unururifu ni mojawapo ya mambo hayo. Hauonekani wala haunusiki, na neno "mionzi" huwa limekwisha kuwatisha watu kabla hawajaingia darasani. Mimi hupenda kulifundisha somo hili kwa mfano wa promethi, nami nitaeleza kwa nini.

Promethi ni elementi ya 61, katika kundi la metali adimu. Kazi ya Henry Moseley juu ya eksirei, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ilidhihirisha kwamba nafasi hiyo ilikuwa bado tupu. Wengi waliitafuta katika mawe. Mwaka 1926 wataalamu wa Marekani na wa Italia walidai kuwa wameipata, kila upande ukaipa jina lake. Madai hayo hayakuthibitika. Mwaka 1945, huko Oak Ridge, Marekani, Jacob Marinsky, Lawrence Glendenin na Charles Coryell waliitenga kutoka katika mabaki ya urani iliyotumika katika kinu cha nyuklia.

Kwa nini ilikuwa adimu hivyo? Kikemia haitofautiani sana na jirani zake katika kundi. Tofauti imo katika kiini cha atomi: promethi haina isotopu hata moja iliyo imara. Promethi-147 hutoa mionzi ya beta na kugeuka kuwa samari. Nusu-uhai wake ni miaka 2.6, yaani katika muda huo nusu ya atomi zilizopo huwa zimegeuka. Nusu-uhai wa urani-238 ni miaka bilioni 4.5, muda ambao akili ya mtoto haiwezi kuukamata. Lakini miaka 2.6 anaijua, kwa kuwa ameiishi.

Hapa ndipo mwanachuo mmoja aliponiuliza: "Mwalimu, ikiwa nusu huisha kwa miaka 2.6, je, nusu iliyobaki haiishi kwa miaka mingine 2.6?" Swali hilo ni la haki, nalo hujibiwa vizuri zaidi kwa mikono kuliko kwa chaki.

Chukueni visoda 100. Vitikiseni katika kopo, mvimwage mezani, kisha ondoeni vyote vilivyolala chali. Hesabuni vilivyobaki, andikeni, rudieni. Mtapata kama 50, halafu 25 hivi, halafu 12 au 13. Kila mmwago ni miaka 2.6. Wanafunzi wataona wenyewe kwamba kinachoondoka ni nusu ya kilichobaki, si nusu ya kile cha mwanzo. Tena wataona kwamba hakuna awezaye kutabiri kisoda gani kitaondoka, ingawa idadi hutabirika kwa kukaribia.

Hata hivyo, zana hii ina kasoro mbili ambazo mwalimu hana budi kuzitaja. Kwanza, kisoda kilichoondolewa hutoweka, lakini atomi ya promethi haitoweki. Kwa hiyo, badala ya kila kisoda kinachotoka, wekeni harage moja liwe samari. Jumla itabaki 100 daima. Pili, visoda hungoja kutikiswa, lakini atomi hazingoji mtu. Kuichoma promethi, kuisaga au kuiyeyusha katika asidi hakubadili kasi ya kugeuka kwake. Asiyeambiwa hivyo ataondoka akiamini kwamba moto huua unururifu, na imani ya namna hiyo yaweza kumdhuru siku moja.

Metali yenyewe haina nafasi katika darasa la msingi, wala haihitajiki. Visoda vyapatikana kila penye duka. Andaeni jedwali la mimwago saba kabla ya kipindi, na waacheni watoto wahesabu wenyewe. Hesabu za vikundi zitatofautiana. Msizisahihishe, bali zijumlisheni ubaoni, ndipo nusu itakapojitokeza wazi.