Tundu Lililopotoka

Watu wapitao mbele ya kiwanja chetu mjini Lubumbashi hutuuliza: « Je, mwajenga nini humo? » Tukijibu kwamba twajenga ndege, wao hucheka. Wala hatuwalaumu. Chombo chetu hakina mabawa: ni kiti, magurudumu matatu, na mabomba ya alumini ya pembe nne yaliyoungwa kwa bolti. Jina lake ni otojiro.

Aliyeivumbua ni Mhispania, Juan de la Cierva. Mwaka 1919 ndege yake kubwa ilianguka kwa kupungukiwa na mwendo. Tangu hapo akatafuta ndege isiyoanguka hata ikienda polepole. Mwaka 1923 alifaulu. Kwa macho, otojiro yafanana na helikopta, lakini kazi zao ni mbali. Injini ya otojiro husukuma chombo mbele tu. Mapanga marefu ya juu, chombo kiwapo angani, huzungushwa na upepo uyapitiao kutoka chini. Hata injini ikizimika, rubani hodari huweza kushuka salama, kwa maana mapanga hayaachi kuzunguka. Baadaye, katika miaka ya 1950, Igor Bensen huko Marekani aliuza michoro ili mtu aweze kujijengea otojiro nyumbani kwake.

Sisi ndugu wawili tulianza kazi hiyo kwa furaha kubwa. Siku moja tulikuwa tukitoboa kwa keekee lile pande la katikati lishikalo mapanga mawili. Tundu la mwisho likapotoka, pengine nusu milimita. Pande lile tulilinunua kwa akiba ya miezi mingi. Mmoja wetu akasema: « Tulipanue tundu, tutie bolti nene; rangi itafunika. » Mwenziwe akakataa: mapanga yasipolingana, chombo chote hutetemeka, na chuma kitetemekacho huchoka, kisha hukatika. Tukagombana hata usiku.

Asubuhi mama yetu, asiyejua habari ya bolti, alituuliza neno moja tu: « Wanangu, nani kati yenu atakayeketi kwanza katika kiti hicho? » Tulinyamaza sote wawili. Tukatwaa msumeno wa chuma, tukalikata pande lile vipande viwili, ili tusishawishike tena kulitumia.

Tangu siku ile twafahamu kwamba fundi wa nyumbani hana msimamizi wa kumkagua ila dhamiri yake. Tena kujenga siyo kurusha. Wako waliojenga vema wakafa kwa kutaka kujifundisha wenyewe. Rubani akisukuma usukani mbele kwa ghafula, mapanga hukosa upepo wa kuyazungusha, hupunguza mwendo, nayo injini haiwezi kuyaokoa. Kwa hiyo chombo chetu hakitaondoka chini kabla hatujapata mwalimu, na ruhusa ya serikali.

Vile vipande viwili tumevitundika juu ya mlango wa karakana. Wageni hutuuliza thamani yake. Sisi huwajibu kwamba ndicho kitu cha bei kubwa kupita vyote tulivyonunua, nacho ndicho kilichotufaa zaidi.