Ahadi ni Deni: Mikondo Mitatu ya Namanga

Wahenga walinena kwamba ahadi ni deni. Methali hii imetiwa katika insha nyingi hata wengi huitaja pasipo kuitafakari. Binti mmoja wa Namanga, mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta aliyekuwa pia mwanachama wa chama cha Kiswahili chuoni mwake, naye hakuitafakari mpaka siku mama yake alipomdai mtu deni lililokwisha kulipwa.

Mama huyo huuza vitunguu kwa jumla. Vitunguu hutoka Tanzania, huvuka mpaka hapo Namanga chini ya mlima Ol Doinyo Orok, kisha husafirishwa kwa barabara iendayo Nairobi. Ghala liko Namanga; wauzaji wake wawili wako Kajiado na Kitengela. Biashara yenyewe huendeshwa kwa kuaminiana: mteja huchukua magunia leo, akalipa baada ya soko. Kwa miaka mingi mama alikaa na daftari lenye jalada gumu kila jioni, akipokea simu za wauzaji na kuandika nani amechukua na nani amelipa. Binti alimwonea huruma. Katika likizo moja ndefu aliazimia kumwandikia programu ya kuifanya kazi hiyo, akaichagua lugha ya Rust aliyokuwa akijifunza. Lugha hiyo, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2015, hutumiwa kuandikia programu zilizo karibu na mashine yenyewe, ambako mwandishi hana budi kujua kila kitu kinakaa wapi na nani anakimiliki.

Programu ilipaswa kusikiliza mikondo mitatu: taarifa za Kajiado, taarifa za Kitengela, na zile ambazo mama mwenyewe angeziandika kwa kibodi ghalani. Zote zingeishia katika faili moja. Toleo la kwanza lilifuata njia iliyozoeleka: soma Kajiado, kisha Kitengela, kisha kibodi. Upungufu wake ulidhihirika siku ile ile. Muuzaji wa Kajiado alipokuwa hana la kusema, programu ilisimama ikimsubiri, ilhali mwenzake wa Kitengela alikwisha kutuma taarifa tano. Katika usomaji wa namna hii, msomaji hulazwa usingizi mlangoni mpaka data ifike, wala hana habari ya mlango mwingine.

Suluhisho lilikuwa karibu na nyumbani. Tangu Desemba 2018, Namanga ina kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa na marais Uhuru Kenyatta na John Magufuli, ambapo maofisa wa nchi mbili huhudumu chini ya paa moja. Dereva wa lori hana haja ya kusimama dirishani hadi hati zake zikamilike. Humwachia wakala wa forodha, akaenda kunywa chai, na huitwa mambo yakiwa tayari. Binti akaipa njia ya kwanza jina la usomaji wa kusimama, na ya pili usomaji wa kuitwa. Katika Linux, mwitaji ni kiini cha mfumo endeshi: kupitia huduma iitwayo epoll, hueleza ni mikondo ipi iliyo tayari, na mfanyakazi mmoja akaweza kuhudumia mingi. Rust ilipata maneno async na await katika toleo la 1.39, Novemba 2019. Hata hivyo, lugha yenyewe haiji na msimamizi wa zamu. Mwandishi humchagua katika maktaba za programu, na binti alichagua ile iitwayo Tokio.

Hapo ndipo alipokutana na methali ya wahenga. Katika Rust, kuita shughuli ya namna hii hakuianzishi. Mwitaji hupewa ahadi tu, na ahadi isipodaiwa, hasa kwa neno await, hakuna kinachotendeka. Katika JavaScript, kinyume chake, shughuli huanza mara inapoitwa. Aidha, aliyepewa zamu hana budi kuiachia. Kibodi iliposomwa kwa njia ya kusimama ndani ya shughuli ya kuitwa, mikondo yote ilikwama pamoja nayo. Ikabidi kibodi ipewe mfanyakazi wake peke yake.

Kwa wiki mbili programu ilikesha ikifanya kazi, na daftari likawekwa kabatini. Jumamosi usiku, kwa mara ya kwanza, mama aliifunga programu kwa amri aliyofundishwa, akazima kompyuta. Jumatatu akampigia simu mteja wake wa Kitengela, mzee wa heshima, kumkumbusha deni la magunia manne. Mzee akajibu kwamba alilipa Jumamosi jioni. Muuzaji akathibitisha, tena alisema programu ilimjibu, "Imepokewa." Mzee hakufoka. Alisema tu, "Mama, miaka tisa hujawahi kunidai mara mbili."

Maneno hayo yalimchoma mama kuliko matusi. Akamwita bintiye ghalani.

"Mashine ilisema imepokea. Ilipokea ikaweka wapi?"

"Kwenye bafa, mama."

"Bafa ndiyo nini, mwanangu?"

Binti akaangaza macho, akaona debe la kupimia. "Ni kama debe hili. Mwandikaji hapeleki kitunguu kimoja kimoja ghalani, maana atachoka bure. Hujaza debe kwanza, kisha humimina."

Mama akalitazama debe. "Na ukifunga ghala debe likiwa nusu?"

Binti akanyamaza. Swali hilo hakuwa amejiuliza.

Kosa lilikuwa hapo. Katika toleo la kwanza, bafa ya kawaida ya Rust hujaribu kujimimina yenyewe inapofungwa. Bafa ya Tokio haifanyi hivyo, kwa sababu kumimina kwa njia ya kuitwa kunahitaji kusubiri, na Rust inapokiondoa kitu hairuhusu kusubiri. Binti alihama toka njia moja hadi nyingine akidhani desturi ni ile ile. Zaidi ya hayo, programu yake ilijibu "imepokewa" mara tu taarifa ilipoingia debeni. Kwa hiyo taarifa za mwisho za Jumamosi zilimwagwa pamoja na debe.

Usiku huo alirekebisha mambo mawili. Kwanza, programu isifungwe kabla ya bafa kumiminwa. Pili, kila malipo yamiminwe papo hapo, kisha mfumo endeshi uagizwe kuyafikisha diskini, kwani hata kilichomiminwa chaweza kukaa katika kumbukumbu ya muda umeme ukakatika. Jibu la "imepokewa" litolewe baada ya hayo tu. Programu ikawa nzito kidogo, lakini deni la mtu si jambo la haraka.

Kesho yake mama na binti walipanda matatu hadi Kitengela. Mama hakutaka kuomba radhi kwa simu. Mzee aliwakaribisha chai, akamsikiliza binti akieleza habari ya debe lililofungiwa nusu, akacheka. "Basi si uongo," alisema, "ni haraka."

Chuo kilipofunguliwa, wenzake chamani walikuwa wakitafuta istilahi ya tendo la kuilazimisha bafa itoe ilichokishika. Yalipendekezwa maneno ya kutoholewa. Binti akapendekeza kumimina, akaeleza neno hilo alivyolipata na kwa gharama gani. Hakuna aliyepinga.

Mama angali anaitumia programu. Hata hivyo, daftari lenye jalada gumu lilitolewa kabatini, na kila jioni malipo huandikwa humo pia. Binti hamkatazi.