Betri Ikizimika Mlangoni mwa Ngome ya Yesu

Ndugu msomaji, ukishuka Mombasa siku ya Jumapili, ni vigumu kuondoka bila ya kupita Ngome ya Yesu. Utaifuata Barabara ya Nkrumah, utaipita bustani ya Treasury Square, na kabla hujamaliza kuyatazama majumba ya kale, kuta za rangi ya chungwa iliyochujuka zitakutokea mbele yako, na nyuma yake bahari. Utakuta wauza madafu, wenye tuktuk, waongoza wageni, na watoto wa shule waliopangwa mistari miwili wakingojea kuingia.

Tena utakuta magari. Arusi inapofanyika mjini, si ajabu kuliona gari la fahari, la chini kama kobe, limefungwa utepe na maua, limeletwa kupigwa picha mbele ya kuta zile. Gari la namna hiyo mara nyingine si mali ya bwana arusi. Limekodishwa kwa siku moja, au limeazimwa kwa mjomba mwenye uwezo, na anayekabidhiwa ufunguo hukabidhiwa pamoja na heshima ya jamaa nzima.

Haya basi, tuseme leo aliyekabidhiwa ufunguo ni wewe. Picha zimekwisha, bwana arusi amekwenda kusalimia wazee, nawe ukaona heri uingie ngomeni kutazama. Si vibaya, maana ngome yenyewe ina mengi. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Waingereza waliigeuza gereza tangu 1895 hadi 1958, kisha ikawa jumba la makumbusho, na mwaka 2011 UNESCO ikaitia katika orodha ya urithi wa dunia. Unatoka baada ya saa mbili, jua la utosi, unabonyeza rimoti. Kimya. Unabonyeza tena. Kimya vilevile. Betri imekufa.

Kwa nini ife leo?

Watu husema ni mkosi, lakini sababu zake zinajulikana. Betri ya gari ni sanduku la mabamba ya risasi yaliyozama katika maji ya asidi. Ikiwa imejaa na imepumzika, huonyesha volti 12.6 hivi. Ikishuka chini ya 12, haina nguvu ya kuzungusha stata. Wengi hudhani adui wa betri ni baridi ya Ulaya, ambayo hakika huidhoofisha asubuhi ya theluji. Kinachoila siku baada ya siku ni joto. Joto huharakisha kazi ya asidi ndani ya betri, mabamba yakachakaa upesi. Nayo hewa ya chumvi ya pwani haivisamehi vichwa vya betri. Huviotesha ukungu wa kijani na mweupe mpaka umeme ukakosa njia.

Kubwa zaidi ni kwamba gari la fahari halitumiwi. Linaoshwa, linafunikwa turubai, linangojea arusi. Na huku limelala, ving'ora, saa na kompyuta zake zinaendelea kunywa umeme kidogokidogo. Piga hesabu mwenyewe. Gari likinywa sehemu tano za mia za ampea, kwa siku moja litakuwa limemaliza ampea-saa 1.2, na kwa siku 30 zitakuwa 36. Betri ya ampea-saa 70 itakuwa imekwisha nusu bila ya gari kusogea hata hatua moja. Ukiliwasha kwa shida asubuhi, ukalipeleka polepole katika foleni huku kipoza hewa na redio vikinguruma, kisha ukalizima mbele ya ngome, usishangae likikataa kuamka.

Kufuli ndani ya kufuli

Jambo la kwanza ni kuufungua mlango. Katika rimoti nyingi za kisasa umefichwa ufunguo mdogo wa chuma, na tundu lake lipo mlangoni, pengine chini ya kifuniko. Ujue ulipo kabla ya siku ya shida.

Hapa nakuomba usikie vizuri. Magari haya yana madirisha ya umeme. Betri ikifa hayateremki, na baadhi ya milango yake hutumia umeme pia. Kwa hiyo usimwache mtoto ndani ya gari hata kwa dakika tano, ati anangojea na maua ya arusi. Gari lililofungwa katika jua la Mombasa hugeuka tanuri kwa muda mfupi sana, na mtoto huzidiwa na joto upesi kuliko mtu mzima. Kuchelewa kwa arusi kutasameheka. Jambo hilo halina marudio.

Mlango umefunguka, sasa betri iko wapi? Usiitafute kwa mazoea. Katika Porsche 911 injini iko nyuma na betri iko mbele, chini ya boneti ambayo kwayo ni buti. Na katika matoleo kadhaa, kama lile la 997, kufuli ya boneti hiyo hufunguliwa kwa umeme. Yaani betri imefungiwa katika sanduku ambalo ufunguo wake ni betri yenyewe!

Ukiinua macho kuzitazama kuta zilizo mbele yako utakumbuka kwamba mahali hapa pana kisa cha namna hiyo. Waomani walipoizingira ngome mwezi Machi 1696, waliokuwa ndani walijifungia salama nyuma ya kuta ambazo mizinga haikuziangusha kwa urahisi. Lakini chakula kilikuwa nje, na msaada ulikuwa nje. Merikebu ya Wareno, Santo António de Tanná, ililetwa kuwaokoa na ikazama papa hapa mbele ya ngome mwaka 1697. Njaa na maradhi vikafanya kazi ambayo mizinga haikuiweza, na Desemba 1698 ngome ikaanguka. Kuta hazikushindwa, nguvu ya ndani ndiyo iliyokwisha.

Waliounda gari hilo waliacha mlango wa nyuma. Katika sanduku la fyuzi lililo ndani, pembeni mwa miguu, kuna kichwa cha chuma kinachovutwa nje. Ukikipa umeme chanya kutoka betri nyingine ya volti 12, na ule hasi ukaushika kwenye chuma tupu cha komeo la mlango, kufuli ya boneti hupata uhai ikafunguka kwa ufunguo au kitufe chake. Ving'ora vikilia usitaharuki. Kazi hii haihitaji betri kubwa. Hata ya tuktuk yatosha. Lakini usijaribu kuliwasha gari kwa njia hiyo, kwani waya wake ni mwembamba na utaungua.

Kuomba msaada

Hapo ndipo utakapowahitaji watu. Umevaa suti, gari lako lina thamani ya nyumba, na unayemhitaji ni kijana wa tuktuk. Usimwite kwa kupiga makofi. Mtolee salamu kwanza, umjulie hali, kisha mweleze shida. Na malipo mkubaliane mapema, kwa uungwana, kabla nyaya hazijashikwa. Mwenye haja ni wewe.

Betri ya tuktuk ikishafungua boneti, kuwasha injini kunataka betri ya gari zima. Tafuta gari dogo la volti 12. Malori mengi yanayoingia na kutoka bandari ya Kilindini hutumia volti 24, na ukiunganisha lori na gari lako, kompyuta zake zitaungua kwa mpigo mmoja na mjomba hatakusemesha tena.

Mpango wa nyaya ni huu. Magari yote mawili yazimwe, yasigusane. Waya mwekundu uanze kwenye kichwa chanya cha betri iliyokufa, kisha chanya cha betri nzima. Waya mweusi uanze kwenye kichwa hasi cha betri nzima, na ncha yake ya mwisho ishikwe kwenye chuma tupu cha gari lililokufa, mbali na betri. Sababu ni kwamba betri hutoa hewa ya haidrojeni, na cheche ya mwisho ikitokea karibu nayo yaweza kuilipua na kurusha asidi machoni. Kwa hiyo sigara zizimwe, na wale watazamaji wanaoinamisha vichwa warudi nyuma. Washa gari la msaada, lingurume dakika tano, ndipo uwashe la kwako. Likikubali, nyaya zitolewe kwa kurudi nyuma hatua kwa hatua.

Watakuwapo watakaosema, "Tusukume!" Gari lenye klachi ya mguu laweza kuamka kwa kusukumwa. Lenye gia za kujiendesha haliamki hata likisukumwa mpaka Malindi. Na usiruhusu kamba ifungwe popote chini ya gari, kwani utang'oa vyuma vya magurudumu. Magari haya huwa na ndoano ya kuvutia inayoskurubiwa kwenye bampa. Lakini lililo bora ni kulipandisha juu ya lori la kubebea magari.

Likishawaka, usilizime. Usielekee kivuko cha Likoni, ambako foleni yaweza kukulazimu kuzima. Usiingie Ndia Kuu pia, njia za Mji wa Kale zilifanyiwa miguu na mikokoteni. Vuka daraja la Nyali, uende kama unakwenda Bamburi, walau nusu saa ya mwendo wa kufululiza. Hata hivyo alteneta haikuundwa kuifufua betri iliyokufa kabisa. Kesho yake iwekwe kwenye chaja na ipimwe. Na bwana arusi? Mpandishe gari jingine. Bibi arusi anamngoja yeye, wala hangoji magurudumu.

Gari hufa kwa kukaa

Wako watakaosema magari haya ni ya anasa, hayawezi Afrika. Sivyo. Mbio za Safari za magari ya zamani, zilizoanza mwaka 2003, zimeyaleta magari aina ya Porsche 911 ya miaka ya sabini katika vumbi, mawe na matope ya Afrika Mashariki, na mwaka 2011 Björn Waldegård wa Uswidi alishinda kwa gari hilo. Kinachoyaua ni kukaa. Liendeshe kila wiki, au liache kwenye chaja ndogo ya kulinda betri. Visafishe vichwa vya betri kwa maji ya moto, vikauke, kisha uvipake grisi.

Lakini iko siku betri itakufa isifufuke, na hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo kabla ya kuagana. Utanunua mpya. Ile kuukuu utaiacha kwa fundi, naye ataiuza kwa mnunuzi wa vyuma. Kisha itakwenda wapi?

Nje ya kisiwa, upande wa Jomvu, kuna kitongoji kiitwacho Owino Uhuru. Hapo kilijengwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Moshi ulitua juu ya mabati, maji machafu yakapita mbele ya milango, na watoto wakaugua. Phyllis Omido aliajiriwa katika kiwanda hicho, na mtoto wake aliyekuwa akinyonya akakutwa na sumu ya risasi mwilini. Akaacha kazi, akaanza kupigana. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na 2015 Omido akatunukiwa tuzo ya mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani iliutengua uamuzi huo 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Wako waliokufa wakingojea.

Risasi ikishaingia katika ubongo wa mtoto, madhara yake hayaondoki kwa dawa. Na risasi ile haikushuka kutoka mbinguni. Ilitoka katika betri, nyingine za matatu, nyingine za malori, nyingine za magari ya arusi yaliyopigwa picha mbele ya ngome.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, betri yako ikifa, usiitupe jalalani, usiimwage maji yake mtaroni, wala usimpe mtoto aichezee au aipasue kwa nyundo apate risasi ya kuuza. Irudishe dukani unaponunua mpya, uulize inakopelekwa, na uulize kama wanaoipokea wana leseni. Ni swali dogo, lakini wateja wakiliuliza mara kwa mara, muuzaji naye atatafuta jibu.

Nakutakia Jumapili njema, na ukija Mombasa, karibu sana. Gari likigoma, madafu yapo.