Ziba Ufa, Lakini Uandike Kwanza

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii nilifundishwa nikiwa darasa la nne, nikaikariri, nikaitumia katika insha zisizo na idadi, na sikuwahi kuitilia shaka. Ilinibidi nifike mwaka wa pili chuo kikuu, tena kwa sababu ya nyumba ya babu yangu mjini Homa Bay, ndipo nikatambua kwamba upo ufa ambao mtu akiharakisha kuuziba huupoteza ukuta mzima. Katika makala haya nakusudia kusimulia kisa cha nyumba hiyo, na kutokana nacho nieleze jinsi nyumba kuukuu zinavyoweza kukingwa dhidi ya mitetemo ya ujenzi, hasa wa reli na barabara.

Babu alikuwa mchukuzi katika gati la Homa Bay enzi ambapo meli za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki zilizunguka Ziwa Victoria. Reli yenyewe, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, iliishia Kisumu, ilikofika Desemba 1901. Homa Bay na Migori hazijawahi kuwa na reli. Kwetu reli ilifika kwa maji. Kwa mshahara wa shirika hilo babu alijenga nyumba ya vyumba vinne mwaka 1958. Matofali yalikuwa ya kuchoma, yameunganishwa kwa udongo badala ya saruji. Plasta ilikuwa nyembamba, paa la mabati, na msingi wa mawe haukuzidi kimo cha goti. Babu alipofariki, nyumba ilibaki mikononi mwa shangazi yangu, ambaye sisi humwita Waya kwa desturi ya Kijaluo.

Barabara ya udongo iliyopita mbele ya nyumba hiyo ilipoanza kutengenezwa ili itiwe lami, mtaa mzima ulifurahi, na Waya alikuwa wa kwanza kufurahi. Kisha ikaja rola ya kushindilia. Ilipita hatua kumi hivi kutoka ukutani, na kila ilipopita vikombe viligongana kabatini na vumbi likamwagika kutoka darini. Siku ya tatu ufa ulitokeza juu ya mlango wa sebule, ukapanda mithili ya ngazi kwa kufuata viungo vya matofali hadi chini ya paa. Waya hakulaza damu. Alimwita fundi, ufa ukazibwa siku hiyo hiyo, ukapigwa plasta na kupakwa rangi. Alifanya kama methali ilivyomwagiza.

Hazikupita wiki mbili, ufa ukarudi ukiwa mpana zaidi, na mwenzake ukatokeza chini ya dirisha. Safari hii Waya alikwenda kwa wajenzi kulalamika, nami nilikuwa likizoni nikamsindikiza. Afisa aliyetupokea alikuwa kijana mpole. Alikuja, akautazama ukuta, akaigusa plasta mpya kwa kidole.

"Mama, hapa pamewahi kukarabatiwa. Nitajuaje kwamba ufa huu haukuwapo kabla yetu?"

"Mwanangu, nimeishi humu tangu nizaliwe. Nakuambia haukuwapo."

"Nakuamini, Mama. Lakini ofisini wataniuliza karatasi."

Karatasi hatukuwa nayo. Fidia haikupatikana.

Nilirudi chuoni na hasira, nikaanza kusoma mambo ambayo mwanafunzi wa Kiswahili kwa kawaida hayasomi. Niligundua kwanza kwamba swali la yule afisa halikuwa la hila. Nyumba hupasuka kwa sababu nyingi. Katika sehemu nyingi za nyanda za ziwa kuna udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao huvimba wakati wa masika na kusinyaa wakati wa kiangazi, na nyumba yenye msingi mfupi hupanda na kushuka pamoja nao. Aidha, mwanadamu huhisi mtetemo ulio mdogo mara nyingi kuliko ule unaoweza kuupasua ukuta. Vikombe kugongana, peke yake, si ushahidi.

Hata hivyo, mtetemo ni jambo linalopimika. Kipimo chake ni kasi ambayo ardhi huyumba nayo huku na huko, na huhesabiwa kwa milimita kwa sekunde. Nchini Kenya, kanuni za mazingira za mwaka 2009 kuhusu kelele na mitetemo iliyokithiri ziliweka kikomo cha sentimita 0.5 kwa sekunde, yaani milimita 5, nje ya mpaka wa eneo la kazi au mita 30 kutoka kwa chombo kinachosogea. Kiwango cha Ujerumani kiitwacho DIN 4150 huyatenga majengo: kwa mitetemo ya polepole, nyumba za kawaida za kuishi hupewa milimita 5 kwa sekunde, lakini majengo dhaifu yenye thamani ya kihistoria hupewa 3 tu. Nyumba ya matofali yaliyoshikwa kwa udongo iwekwe katika kundi gani? Hilo ndilo swali ambalo lingepaswa kuulizwa kabla rola haijawashwa.

Jambo la pili nililogundua ni kwamba kinga zipo, na nyingine hazina gharama kubwa. Karibu na nyumba, rola inaweza kuzimwa mtetemo wake ikashindilia kwa uzito wake tu, ijapokuwa itarudia njia mara nyingi zaidi. Katika ujenzi wa reli, nguzo za msingi wa daraja zinaweza kuchimbiwa badala ya kupigwa nyundo, na baruti ya kupasulia mwamba ikagawanywa katika milipuko midogo inayofuatana. Treni zitakapoanza kupita, mikeka ya mpira chini ya kokoto au chini ya mataruma hupunguza mtetemo unaozifikia nyumba. Fauka ya hayo, kifaa cha kupimia huweza kuwekwa penye msingi wa nyumba ili kazi isimamishwe kikomo kinapokaribiwa.

Lakini kinga inayotangulia zote ni daftari. Kabla ya kazi kuanza, kila nyumba iliyo karibu hukaguliwa: kila ufa hupigwa picha pamoja na rula, upana na tarehe huandikwa, na mwenye nyumba na mjenzi hutia sahihi. Baada ya hapo ufa mpya hauna pa kujificha, wala ufa wa zamani hauwezi kusingiziwa rola.

Mwaka uliofuata nilizuru Thimlich Ohinga, kiasi cha kilomita 46 kaskazini magharibi mwa mji wa Migori. Kuta zile za mawe, zinazokadiriwa kujengwa katika karne ya 16, zilizunguka makazi ya watu na mifugo yao. Hazina udongo wala saruji. Kila jiwe limekaa juu ya jenzake kwa uzito na mpangilio tu. Mwaka 2018 UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Nilipokuwa nimesimama pale niliwaza kwamba laiti mtu angetaka kupitisha reli kando ya kuta hizi, wataalamu wangekuja na vipimo na michoro, na sheria ingewaunga mkono. Ni haki kabisa. Ila nyumba ya mchukuzi wa gati nayo ni makazi yaliyojengwa kwa ufundi wa zama zake, na haina wa kuiandika isipokuwa wenyewe waishio ndani yake.

Sasa nifikie jambo ambalo limenifanya niandike haya katika jarida la chama chetu badala ya kuyaacha kwa wahandisi. Baada ya Waya kukataliwa, alifungua Biblia yake akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ilani ya wajenzi, iliyosambazwa miezi miwili kabla ya rola kuja. Iliandikwa kwa Kiingereza kitupu. Katika aya ya tano ilisema kwamba mwenye nyumba iliyo karibu na barabara angeweza kuomba ikaguliwe kabla ya kazi kuanza, bila malipo.

Ningependa kusema kwamba kosa lilikuwa la ilani hiyo peke yake. Haikuwa hivyo. Waya alikuwa amenipa karatasi ile ilipofika, akaniomba nimsomee. Niliipitisha macho juu juu, nikamrudishia, nikamwambia, "Ni habari ya barabara tu, Waya." Mimi, niliyekuwa nikichukua kozi ya tafsiri, nilishindwa kumtafsiria shangazi yangu aya moja.

Ukuta wa mbele ulibomolewa na kujengwa upya kwa fedha za familia. Methali ilitimia kinyume: tuliziba ufa, na ukuta tukaujenga vilevile. Waya hajanilaumu hata siku moja, na pengine ndiyo sababu najilaumu mwenyewe.

Wanafunzi wenzangu na walimu wetu wapendwa, iwapo reli itafika kwetu kwa nchi kavu baadaye, itatanguliwa na karatasi kama ile. Tumezoea kujadili istilahi katika makongamano. Tumekwisha kuwa na "mtetemo" wa mashine ulio mbali na "tetemeko" la ardhi, na hilo ni jema. Linalobaki ni kuyapeleka maneno hayo hadi sebuleni. Ilani za ujenzi zitafsiriwe kwa Kiswahili chepesi, na kwa Kijaluo inapobidi. Fomu ya kukagua nyufa iwe ya ukurasa mmoja ambao mama mzee anaweza kuujaza akisaidiwa na mjukuu mwenye simu ya kupiga picha. Kazi hiyo haihitaji mhandisi. Yahitaji mtu aliyesoma lugha na asiyeisoma karatasi juu juu.